Machozi ya Mtani

Simu iliita nikiwa napepeta mchele. Namba sikuijua, nikaiacha iite mpaka ikachoka. Ikaita tena. Nikapokea kwa ukali, maana siku hizi wanaonipigia kwa namba za ajabu ajabu ni matapeli watupu. "Shikamoo mama," ikasema sauti ya msichana. "Marahaba. Nani mwenzangu?" "Naitwa Mwashi, napiga kutoka Tabora. Mtoto wa Nyamizi. Hunijui, nimezaliwa wewe umeshaondoka. Mama ametutoka leo asubuhi, tunazika keshokutwa. Alisema mtani wake aitwe." Nikabaki na ungo mapajani. Badala ya kumpa pole nikauliza swali la kipumbavu: "Mtani yupi?" Wanyamwezi wana watani nchi nzima, nikajipa tumaini kwamba ni mwingine. Msichana akajibu taratibu, kama anayesoma alichoandikiwa: "Yule Mzaramo wa mabwawa. Alisema aje huyo huyo, asiletwe mwingine."

Nilipanda basi kesho yake. Tulipofika Igunga jua lilikuwa limeinama, na kila upande wa barabara yalikuwa majaruba ya mpunga, maji yamesimama ndani yake yanang'aa. Abiria mwenzangu akasema, "Mwaka huu mpunga upo." Nikamwambia ndiyo, upo. Sikumwambia kwamba mimi nikiona maji yametulia kwenye jaruba, meupe, mazuri, hufumba macho. Mtu huwezi kumweleza abiria mwenzako jambo kama hilo, atahama kiti.

Mwaka niliokutana na Nyamizi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina cheti cha ufundi wa maji ambacho wino wake ulikuwa haujakauka vizuri, na nilipangiwa Tabora kwenye mabwawa ya majitaka. Rafiki zangu walipangiwa visima na matangi, wakawa wanapiga picha wamesimama karibu na bomba linalomwaga maji safi. Mimi nikapewa choo cha mji mzima! Mabwawa yalikuwa matatu, yamefuatana kwenye mteremko nje ya mji. La kwanza maji yake meusi, yanatoa mapovu kutwa kucha utadhani kuna moto chini. La pili rangi ya chai. La tatu kijani, bata maji wanaelea humo kwa raha zao. Kutoka la tatu maji yaliteremka kwenye kijito, kijito kikaingia mbugani, bonde la udongo mweusi, na mbugani ndiko watu walikolima mpunga wakati wa masika na mchicha wakati wa kiangazi. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji kwenye chupa na kuyapima, kufyeka majani kingoni, na kutoa takataka zilizonasa kwenye chujio la nondo pale bomba la mji linapoingilia. Nimetoa humo vijiko, kandambili, na siku moja meno ya bandia, safu nzima ya juu. Nikakaa wiki nzima nikiwatazama wazee wa mjini midomoni.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa mjini hasa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha kwetu pwani, na kila Ijumaa alivaa kanzu na mabuti ya mpira kwa pamoja. "Hapa anayefanya kazi ni jua, binti yangu," alinifundisha siku ya kwanza. "Jua ndilo linalosafisha. Mimi na wewe tunalisindikiza tu." Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha bati: meza, kabati la chupa, birika, na dirisha linalotazama bwawa la kwanza, bwawa ambalo lilikuwa limejaa tope toka chini mpaka karibu na juu. Mzee Hamisi alikuwa ameandika barua kuomba tope litolewe. Alikuwa ameandika barua nyingi. Nakala alizitundika msumarini nyuma ya mlango, na akizipita alizigusa kidogo kwa kidole, kisha anatengeneza chai. Chai hiyo tuliinywa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu na vitamu, na baada ya wiki ya pili sikusikia tena harufu yoyote. Hilo hunitisha hata leo, jinsi pua inavyokubali haraka.

Matobolwa aliyaleta Nyamizi. Shamba lake lilikuwa la kwanza kabisa chini ya mabwawa. Alikuwa na kisima kifupi pembeni ya mbuga, mdomo wake umezungushiwa magogo, na nyumba ya udongo juu yake kidogo alikoishi na baba mkwe mgonjwa na binti wa miaka mitano, Kalunde. Mume alikuwa Usoke kwenye mashamba ya tumbaku na alirudi alipokumbuka. Wiki yangu ya kwanza Nyamizi alipanda mpaka kwenye uzio, jembe begani, akanikagua kuanzia mabuti mpaka kilemba. "Mgeni, kabila gani wewe?" "Mzaramo." Akatupa jembe chini akapiga makofi. "Ee Mungu wangu, umenikumbuka! Wameniletea mtani wangu kulinda mavi!" Na mimi, ambaye tangu nishuke kwenye treni nilikuwa sijacheka hata mara moja, nikamjibu papo hapo: "Siyalindi, nawapikia. Ninyi Wanyamwezi mchicha bila mavi yetu hauwapandi." Alicheka mpaka akashika uzio.

Basi tukaanza. Wazee wa kule husema utani wetu ulizaliwa njiani, enzi za misafara, babu zao wakishuka pwani na pembe mabegani, na aliyefia kwetu tukamzika sisi, aliyefia kwao wakamzika wao. Na anayekuzika mbali na kwenu ana haki ya kukutukana. Sisi haki hiyo tuliitumia kila asubuhi. Nikiteremka kuchota maji ya kupima pale kijitoni, naita kwa salamu yao ya asubuhi, "Mwangaluka, mnywa vyoo!" Naye anaitikia, "Mwangaluka, mchunga vyoo!" Nikamwambia siku fulani nitafungua lango la pembeni la bwawa nimletee mzigo wote mbichi mpaka mlangoni, asihangaike na mbolea. Akasema nikifungua atanioza kwa baba mkwe wake. Kalunde nilimwita mke mwenzangu, na yeye, mtoto yule, akiniona tu hukunja uso, anashika kiuno na kusema, "Leo zamu yangu, nenda kwenu." Nani alimfundisha, mama yake tu! Masharti yetu yalikuwa mawili, hayakuandikwa popote: anayekasirika ameshindwa, na anayeamini ameshindwa zaidi.

Baba mkwe akafa katikati ya kiangazi. Nikaitwa kama mtani, na nikafanya kazi yangu barabara, tena bila haya. Nilivaa koti la marehemu, nikatembea kama yeye kwa kuburuta mguu, nikaketi juu ya udongo wa kaburi nikasema mzee huyu haendi popote mpaka nipewe jogoo. Walipoleta jogoo nikasema ni kifaranga. Kisha nikalia. Sijui nilijifunza wapi. Nililia kwa sauti, machozi ya kweli yakitiririka mpaka kidevuni, nikiwa sina huzuni hata chembe, nikimwita mzee mume wangu aliyeniacha na ujana wangu. Watu walilala chini kwa kucheka. Nyamizi, mfiwa mwenyewe, alijifuta macho akasema, "Jamani, huyu ana bomba kichwani! Wazaramo mnajua kulia!" Sifa hiyo ilizunguka mbuga nzima. Wakinipita njiani wanawake wa kule walikuwa wakiniomba, "Hebu lia kidogo tuone." Na mimi nililia. Niliona fahari, ndiyo, nakiri. Nilikuwa mgeni, na kulia kulinipa wenyeji.

Mvua ya kwanza ya mwaka ule haikuja kwa adabu. Ilianza kabla ya saa nne asubuhi ikamwaga mpaka adhuhuri, na maji ya mitaro ya mji yakaingia kwenye mabomba yetu. Bwawa la kwanza, lile lililojaa tope, halikuwa na nafasi ya kitu kingine. Tulisimama kwenye ukingo tukaona udongo wa nje unatoa jasho, kisha unatoa vijito vidogo vya maji meusi. Mzee Hamisi alipiga simu kwa wakubwa wa mjini, akapiga tena, akaitia simu mfukoni. "Ukuta huu ukiondoka," akasema, "unaondoka na nyumba ya yule mtani wako na wote waliomo." Njia ilikuwa moja: lango la pembeni, linalotoa maji ya bwawa la kwanza yakiwa mabichi moja kwa moja kijitoni. Mikono yake ilikuwa na baridi yabisi, gurudumu la lango lilikuwa na kutu. Nililizungusha mimi. Lilinigomea, kisha likakubali, na kitu kile cheusi kikatoka kwa kishindo kikashuka kuelekea mbugani. Ukuta ukapona. Nilitupa koti la mvua nikakimbia.

Nilimkuta Nyamizi mlangoni anakoka moto kwa kuni mbichi, Kalunde kajifunika kitenge. Nikamwambia huku nahema: Nyamizi, nimefungua lango. Maji ya bwawa la kwanza yako mbugani. Usichote kisimani. Usichote leo wala kesho wala wiki hii, nitakuletea maji ya mjini kwa baiskeli, tafadhali. Akaniinulia macho, uso wake unaanza kufunguka polepole kama kawaida yake akiandaa jibu. "Ahaa! Kwa hiyo jogoo wa mahari yuko wapi? Nilisema ukifungua nakuoza." Nikamwambia sitanii. Akasema, "Wala mimi." Nikaapa. Watani huapa kila siku, tulikuwa tumeapa kwa kila kitu duniani. Nikamshika mikono, na hapo nikashindwa kujizuia, nikalia. Machozi yakatoka mengi, mpaka kidevuni. Nyamizi akanitazama, akarudisha kichwa nyuma, akacheka kicheko kile cha uzioni. "Haya, haya, umeshinda! Hata kwenye mvua bomba linatoa! Kalunde, mwone mke mwenzako anavyojua kulia!" Na mtoto akacheka, akajaribu kulia kama mimi, akajipaka mate mashavuni.

Nilifanya nini baada ya hapo? Nimejiuliza miaka yote hii. Ningeweza kuvunja magogo ya kisima. Ningeweza kukojoa humo mbele yake, angeamini. Nilichofanya ni kurudi mabwawani kwa sababu Mzee Hamisi alikuwa peke yake na ukuta, nikijiambia kwamba ataisikia harufu mwenyewe, ataona weusi, mtu mzima hawezi kunywa kitu cheusi. Lakini mvua ilikata, maji yakapungua mchana ule ule, tope likatua chini, na asubuhi yake kisima kile kilikuwa cheupe, kimejaa mpaka juu, kizuri kuliko kilivyokuwa kiangazi chote. Na harufu? Walikuwa wakiishi chini ya mabwawa. Pua zao zilikuwa zimekubali kabla ya yangu. Nilipofika na madumu mawili ya maji kwenye baiskeli, kata ya kuchotea ilikuwa imelowa na mtungi umejaa. "Nyamizi, umechota?" "Nimechota, mke wa marehemu. Karibu unywe."

Kalunde alianza kuhara siku ya pili. Mara ya kwanza walidhani ni viazi. Nilipompakia kwenye baiskeli, mama yake nyuma akimshikilia, macho ya mtoto yalikuwa yameshaingia ndani na ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Zahanati ilikuwa na benchi moja refu, na benchi lote lilikuwa la watu wa mbugani. Nilimsikia mhudumu akimwambia mwenzake mlangoni, "Hawa wote wa bonde moja, watakuwa wamekula nini?" Mimi nilijua walichokunywa, nikaingia nikamweleza, nikataja lango, nikataja saa. Akaniandika jina. Walihangaika na mshipa wa mtoto kwenye mkono, kwenye mguu, pembeni mwa kichwa, mshipa haukuonekana. Kalunde alinitazama. Nilidhani atasema ni zamu yake. Alisema, "Mama, kiu." Alifariki kabla ya adhuhuri, na Nyamizi aliendelea kumnywesha yale maji ya chumvi na sukari kwa kijiko mpaka mhudumu alipomshika mkono.

Walimzika juu ya mbuga, karibu na babu yake. Watu walikuwa wachache, maana nyumba nyingi zilikuwa zinauguza. Nilisimama nyuma. Ndipo Nyamizi akageuka, akanitafuta kwa macho, akaniona. "Mtani," akasema, sauti haina kitu. "Mbona hufanyi kazi yako?" Watu wote wakanigeukia, wakinipa nafasi nipite. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote, koti, jogoo, mke mwenza; hakuna hata moja lililotoka, na kibaya zaidi machozi nayo yalikauka. Mimi, Mzaramo mwenye bomba kichwani! Nilisimama pale macho makavu kama mawe, mbele ya kaburi la mtoto niliyemuua kwa mikono yangu miwili, na nikaona jinsi walivyonitazama. Kisha wakageuka wakamalizia kufukia.

Watu husema sikumuua mimi. Mzee Hamisi alisema hivyo hivyo, akasema lango lile liliokoa nyumba nyingi, akasema wenye kosa ni waliozisoma barua zake wakanyamaza. Waliitwa watu, wakaja, wakaandika, na baada ya masika tope la bwawa la kwanza likatolewa, siku nne tu za kazi. Siku nne! Nilisimama nikahesabu magari yakitoka nalo, nikataka kuyarushia mawe. Nyamizi nilikutana naye njiani baada ya arobaini ya mtoto. Nilisimama, nikasema, "Mwangaluka." Nilikuwa radhi aniite muuaji, anipige jembe. Alisogea pembeni anipishe, akainamisha kichwa kidogo, akasema kwa Kiswahili kisafi, kama anamsalimia ofisa wa serikali, "Habari za kazi, dada." Akapita. Sijawahi kutukanwa hivyo maishani mwangu. Nikaomba uhamisho mwezi ule.

Na sasa nilikuwa nimerudi, mwanamke mnene mwenye miwani, nimesimama tena juu ya mbuga ile ile. Mabwawa yameongezwa, uzio ni mpya, na kwenye kijito bado wanawake walikuwa wanaosha mchicha kabla ya kuupeleka sokoni. Makaburi mawili niliyoyajua yalikuwa yamesawazika karibu kabisa na ardhi, na la tatu lilikuwa wazi. Watu walikuwa wengi, Nyamizi alikuwa amezaa wengine baada ya pale, na Mwashi alinipokea kwa magoti. Alinikabidhi kitenge cha mama yake na jembe lake. Hakusema la kufanya. Nikajifunga kitenge, nikatupa jembe begani, nikakanyaga udongo mbichi wa kaburi. "Nyamizi!" nikaita. "Mnywa vyoo! Umelala mchana wote huu na mchicha nani atamwagilia?" Kwa nyuma nikasikia wazee wakicheka kidogo, wakifurahi kwamba mtani amefika. Nikaendelea. Nikadai jogoo. Nikasema haingii shimoni mpaka anirudishie mwangaluka yangu ambayo hakuiitikia. Walicheka, wakapiga makofi. Kisha nikasema, bila kupanga, "Nyamizi, nimefungua lango. Usichote." Na hapo machozi yakaja, yale niliyoyatafuta pale pale mbele ya kaburi dogo nikayakosa, nikaanguka na jembe lile juu ya udongo, nalia kwa sauti ya kutisha, mwili mzima.

Nilingoja wacheke. Nilikuwa nakitaka kicheko chao kama mtu anavyotaka maji, mtu mmoja tu aseme Wazaramo mnajua kulia, basi iwe utani, tumalize, tuzike. Hakuna aliyecheka. Nikainua kichwa, wanaume wamevua kofia. Mwashi akaja akapiga magoti kwenye udongo, akanitoa jembe mkononi. "Mama alituusia," akasema, karibu na sikio langu. "Alisema, mtani wangu akilia msimcheke. Alisema yeye alishacheka, inatosha."